Nyekundu Inapogeuka Nyeusi: Makoti ya Marubani katika Picha za Vita

Wahudumu kumi wa ndege ya mabomu wamejipanga mbele ya ndege yao, wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa. Picha za namna hii zilipigwa kwa wingi katika viwanja vya ndege vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hadi leo wajukuu, wanahistoria na wakusanyaji wa mavazi ya kijeshi huziinamia kwa kioo cha kukuzia. Je, hili ni koti la ngozi au la pamba? Ni la jeshi la nchi kavu au la wanamaji? Picha ni ya mwaka gani? Swali linalotangulia mara nyingi ni la rangi, na ndilo linalopotosha kuliko yote. Koti la huyu ni jeusi, la mwenzake ni la kijivu. Ina maana walipewa makoti tofauti?

Jibu la sayansi ni la hakika, na msingi wake una umri wa zaidi ya miaka 100: weusi ulioko kwenye picha ya zamani hauthibitishi rangi ya kitu kilichopigwa. Weusi huo hutokana na kitu chenyewe, na mwanga uliokiangukia, na aina ya filamu iliyokuwa ndani ya kamera. Anayelielewa hili anaweza kulisoma koti la rubani wa Marekani bila kubahatisha. Anaweza pia kuisoma upya picha ya babu yake aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wale walioitwa Keya, na hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi.

Tuanze na koti lenyewe. Koti linalotafutwa sana katika picha hizo ni lile liitwalo A-2, lililopitishwa na jeshi la anga la Marekani mwaka 1931. Lilichukua nafasi ya A-1 la mwaka 1927, lililofungwa kwa vifungo na lenye ukosi wa sufi iliyofumwa. A-2 lilikuwa na zipu mbele, ukosi wa ngozi uliobanwa kwa vifungo vya kubofya, tepe mabegani, mifuko miwili yenye vifuniko, na pindo za sufi iliyofumwa kiunoni na kwenye mikono. Mengi yalishonwa kwa ngozi ya farasi, mengine kwa ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe. Rangi yake ilikuwa kahawia: kahawia iliyokolea kwa baadhi ya makoti, kahawia yenye wekundu kwa mengine. Mwaka 1943 jeshi liliacha kuyaagiza na kugeukia makoti ya kitambaa, lakini waliokuwa nayo waliendelea kuyavaa mpaka vita vikaisha.

Koti la kahawia, basi, linakuwaje jeusi kabisa katika picha moja na kijivu cha kawaida katika nyingine?

Picha za enzi hiyo zilitegemea fuwele ndogo za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukiigusa fuwele, mabadiliko huanza ndani yake, na dawa ya kusafishia picha huyakamilisha kwa kuigeuza kuwa fedha nyeusi. Hiyo ni negativu: ikichapishwa, mahali ambapo fuwele hazikuona mwanga hutoka peusi. Ila fuwele hizo, zikiachwa kama zilivyo, huona buluu, urujuani na miali iliyo nje ya urujuani tu. Kijani zinakiona kidogo mno, nyekundu haziioni kabisa. Jicho la binadamu hupokea mawimbi ya mwanga kuanzia nanomita 400 hivi hadi 700 hivi, wakati fuwele tupu hukomea karibu na 500. Zaidi ya nusu ya kile tunachokiona, sahani za kwanza za picha hazikukiona.

Mwaka 1873 mwanakemia mmoja wa Ujerumani alikuwa akipima sahani za kioo alipokuta kwamba baadhi yake ziliitikia mwanga wa kijani kuliko alivyotarajia. Hakulipuuza. Alichunguza sahani hizo na kugundua kwamba zilikuwa zimetiwa rangi ya njano kwa sababu nyingine kabisa, ya kuzuia mwanga usitawanyike ndani ya kioo. Akajaribu rangi baada ya rangi, na kanuni ikajitokeza: rangi inayong'ang'ania juu ya fuwele hunyonya mwanga ambao fuwele yenyewe haiwezi kuunyonya, kisha huikabidhi nguvu yake. Kwa njia hiyo fuwele hufundishwa kuona. Kutokana na ugunduzi huo zikaja filamu za othokromatiki, zinazoona buluu na kijani lakini si nyekundu. Mwanzoni mwa karne ya 20, rangi bora zaidi zilipopatikana, zikaja za pankromatiki, zinazoona karibu rangi zote. Sahani za pankromatiki zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906.

Mafundi wa zamani wa studio za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam waliishi na sayansi hii kila siku. Taa nyekundu iliyowaka katika chumba cha giza haikuiharibu karatasi ya picha kwa sababu karatasi ile haikuiona nyekundu. Kwa karatasi, chumba kilikuwa giza totoro.

Wakati wa vita aina zote mbili za filamu zilitumika kwa pamoja. Wapigapicha wa jeshi na wa magazeti walitumia sana filamu za pankromatiki. Filamu za bei nafuu kwa kamera ndogo ya kisanduku, ile ambayo askari aliibeba mwenyewe, mara nyingi zilikuwa za othokromatiki. Koti moja, mtu mmoja, siku moja: katika kamera ya mpigapicha rasmi linatoka kijivu cha wastani, katika kamera ya rafiki yake linatoka jeusi. Tofauti huwa kubwa zaidi kwa yale makoti ya kahawia yenye wekundu, kwa kuwa mwanga mwingi yanaourudisha ndio ule ambao filamu ya othokromatiki haiuoni.

Ushahidi wa jambo hili umechorwa kwenye ndege zenyewe. Alama ya duara ya jeshi la anga la Uingereza ilikuwa na nyekundu katikati, kisha nyeupe, kisha buluu, na ubavuni mwa ndege nyingi ilizungushiwa mduara wa njano. Katika picha ya othokromatiki njano, ambayo jicho letu huiona angavu kuliko zote, hutoka nyeusi kiasi kwamba watu wamebishana kama mduara ule ulikuwapo. Buluu hutoka nyepesi, nyekundu nzito. Katika picha ya pankromatiki mpangilio hubadilika. Kwa hiyo mchunguzi makini, kabla ya kulitazama koti, hutafuta kwanza ndani ya picha kitu ambacho rangi yake inajulikana kwa hakika. Kitu hicho humwambia filamu ilikuwa ya aina gani. Nauona utaratibu huu kuwa moyo wa kazi yote: pima macho ya kamera kabla ya kuamini ushahidi wake.

Alama za ndege husaidia pia kupata mwaka. Ndege za Marekani zilikuwa na nyota nyeupe yenye doa jekundu katikati hadi Mei 1942, doa hilo lilipoondolewa lisije likachanganywa na duara jekundu la Japani. Katikati ya mwaka 1943 nyota iliongezewa mabawa mawili meupe na mstari mwekundu kuizunguka yote, na kabla ya mwaka kwisha mstari huo ukabadilishwa kuwa wa buluu. Kwa picha isiyo na rangi, kutofautisha mstari mwekundu na wa buluu ni kazi ngumu, na ugumu wake unatokana na hayohayo ya filamu.

Kuna mfano unaonigusa zaidi. Marubani Weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, Alabama, katika jeshi lililowatenga kwa rangi ya ngozi, walirusha ndege za kivita zenye mikia iliyopakwa nyekundu, na kwa mikia hiyo wakajulikana. Mwezi Machi 1945 mpigapicha Toni Frissell aliwakuta katika uwanja wa Ramitelli, Italia, akawapiga picha wakisikiliza maelekezo na wakijiandaa kuruka, baadhi yao wamevaa makoti ya ngozi. Ni picha nzuri mno, nyuso zao zina utulivu na fikra. Lakini ni picha nyeusi na nyeupe. Wekundu ule uliowapa jina haumo ndani yake, na asiyejua habari zao hawezi kuuona hata akikodoa macho mchana kutwa.

Kama rangi haitegemewi, koti hutambuliwa kwa nini? Kwanza kwa namna linavyorudisha mwanga. Ngozi laini iliyopakwa rangi ya kumalizia hurudisha mwanga kama uso wa maji uliotulia: mng'ao mkali unakaa juu ya kila mkunjo, kwenye kiwiko na begani, na mng'ao huo hutoka mweupe hata kama ngozi ni nyeusi. Kitambaa cha pamba hutawanya mwanga kila upande, mikunjo yake ikawa na kivuli laini bila mng'ao. Hii ndiyo sababu bega la koti la ngozi lililoelekea jua linaweza kuonekana karibu jeupe, na msomaji mwenye haraka akadhani limechujuka.

Baada ya hapo huja umbo. Ukosi wa manyoya juu ya koti la ngozi lenye pindo za kufumwa huelekeza kwa marubani wa jeshi la majini la Marekani, ambao makoti yao pia yalikuwa na mikunjo ya ziada mgongoni ili mikono inyooke bila kubanwa. Koti nene la ngozi ya kondoo, manyoya yakiwa ndani na ukosi mpana, huenda ni lile la Irvin la Waingereza. La mwanzoni lilikatwa kwa vipande vikubwa. Kadiri vita vilivyoendelea, vipande vikawa vidogo na mishono mingi zaidi, ili ngozi isipotee bure. Kwa A-2 wataalamu hutazama pembe za vifuniko vya mifuko, ncha za ukosi na jinsi tepe za mabegani zilivyoshonwa, maana kazi ilitolewa kwa zabuni na kila kiwanda kilikuwa na mkono wake. Lebo iliyoandikwa jina la kiwanda imeshonwa ndani, chini ya ukosi, na picha haiionyeshi. Mtu akikutajia kiwanda kwa kuangalia picha yenye ukungu, mwombe akuonyeshe mshono anaouzungumzia.

Watu huuliza pia kwa nini ngozi. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na ndege za mabomu zilizoruka mita 7,600 juu ya Ujerumani zilikutana na baridi ya nyuzi 34 chini ya sifuri au zaidi. A-2 peke yake halikuweza kuzuia baridi hiyo, na huko juu wengi walivaa ngozi ya kondoo au suti zilizopashwa moto kwa umeme. Aliyewahi kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku anajua ninachosema.

Sasa turudi nyumbani. Maelfu ya vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walipigana katika KAR: Ethiopia, Madagaska mwaka 1942, Burma kuanzia 1944. Hawakuwa marubani, na makoti ya ngozi hayakuwa yao. Lakini wengi walipigwa picha, na picha hizo bado ziko katika masanduku na ukutani. Yote niliyoyaeleza kuhusu koti yanazihusu.

Linalotugusa zaidi ni nyuso. Ngozi ya binadamu hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi na wa buluu kwa uchache, na ngozi yenye melanini nyingi huzidisha tofauti hiyo. Filamu isiyoona nyekundu humfanya mtu wa maji ya kunde aonekane mweusi tii, na mtu mweusi apotelee kabisa kivulini, macho na meno tu yakibaki kung'aa. Mpigapicha akiwa amekadiria mwanga kwa kutazama ukuta mweupe au shati jeupe, hali huwa mbaya zaidi. Mama anayemwambia mtoto kwamba babu yake alikuwa na sura hii ya kutisha ajue kwamba kemia imeingia kati yao. Babu hakuwa hivyo, na waliomwona kwa macho yao wangeshuhudia.

Kuna pia tepe za nishani kifuani. Nishani ya Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga, wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya buluu kandokando yake. Utepe wa Nyota ya Burma una nyekundu katikati, na kila upande buluu iliyokolea iliyopasuliwa na mstari wa rangi ya chungwa. Katika picha isiyo na rangi usitafute nyekundu. Tazama pindo za utepe: kwenye ule wa Afrika ukingo wenyewe ni wa rangi nyepesi isiyo na mstari, kwenye ule wa Burma mistari inaendelea mpaka ukingoni. Familia isiyo na hati hata moja inaweza kuanza hapo kujua mzee wao alipelekwa wapi. Huo ni mwanzo. Uthibitisho hutoka kwenye kumbukumbu za utumishi na kwa watu waliohadithiwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyathibitisha haya kwa simu. Apige picha ya kanga nyekundu na kanga ya buluu zikiwa zimeanikwa juani, aifungue katika programu ya kuhariri picha inayotenganisha njia tatu za rangi, kisha aangalie njia ya buluu peke yake. Kanga nyekundu itakuwa nyeusi, ya buluu itakuwa nyepesi. Hivyo ndivyo sahani ya karne ya 19 ilivyoona dunia. Ni jaribio la dakika chache lisilohitaji maabara, na ningependa kuona walimu wa fizikia wakilitumia.

Mvuvi anayezamia pweza huona jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Maji ya bahari hunyonya nyekundu kwanza, na kufikia kina cha mita 10 hivi sehemu kubwa ya nyekundu imekwisha, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu kizito. Chambo chekundu kinachong'aa mkononi, kule chini ni kivuli tu. Kinaweza bado kuvuta samaki kwa mwendo wake na umbo lake, lakini mvuvi asikilipie bei ya juu kwa sababu ya rangi.

Kwa mkulima na mfugaji, njia iliyofunguliwa mwaka 1873 imekwenda mbali zaidi. Wanakemia hawakuishia kwenye nyekundu. Waliendelea kutafuta rangi zinazoifanya filamu ione miali ya infraredi, ambayo jicho halioni. Wakati wa vita filamu za aina hiyo zilitumika kufichua maficho: jani lililo hai hurudisha infraredi kwa wingi sana, kitambaa kilichopakwa kijani hakifanyi hivyo, hivyo hema lililofichwa likajitokeza. Leo setilaiti hupima tofauti hiyohiyo kati ya nyekundu na infraredi ili kujua kama malisho na mashamba yana afya. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010, huamua malipo kwa kipimo hicho: majani yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Nafurahia maendeleo haya, na pia nayaangalia kwa tahadhari. Setilaiti huona majani. Haioni ugonjwa wa mifugo wala wizi, na haitofautishi vizuri majani ambayo ng'ombe hula na vichaka asivyovigusa. Mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe katika eneo ambalo kipimo kinasema liko salama. Kabla ya kulipia, aulize kwa uwazi ni nini kinachopimwa na katika eneo kubwa kiasi gani.

Tahadhari nyingine inazihusu picha zenyewe. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazotia rangi picha ya zamani kwa sekunde chache, na watu huzipenda, jambo ambalo linaeleweka. Ila rangi hiyo programu haikuipata ndani ya picha, maana haimo. Inakisia kwa kufuata picha nyingine ilizofunzwa nazo, na kama filamu ilikuwa ya othokromatiki, inakisia kutoka kwenye weusi unaopotosha. Koti la kahawia lenye wekundu linaweza kutoka jeusi, mkia mwekundu wa ndege ukatoka wa kijani, uso wa mzee wetu ukatoka na rangi ya mtu mwingine. Nakala iliyotiwa rangi iandikwe wazi kwamba imetiwa rangi, na isichukue nafasi ya ile ya asili.

Ya asili iskaniwe kwa ubora wa juu, nyuma na mbele, na kama negativu ipo, negativu ndiyo ianze, kwa sababu ina mishono na vivuli ambavyo karatasi imevipoteza. Joto na unyevu wa pwani huziharibu haraka, kwa hiyo zikae kwenye bahasha za karatasi mahali pakavu, zisigandamizwe kwenye albamu za plastiki zenye gundi. Na kama bado yuko mzee aliyemwona mtu wa kwenye picha kwa macho yake, aulizwe sasa: kofia ilikuwa nyekundu au nyeusi, kanga ya bibi ilikuwa na rangi gani, ngozi ya babu ilikuwa ya maji ya kunde au nyeusi. Jibu liandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, pamoja na jina la aliyejibu na tarehe.